Otopailoti ya Ndege Kuukuu: Anza na Siku Itakapogoma

Muuza otopailoti atakuonyesha jinsi inavyoruka. Atakubonyezea vitufe, skrini itang'aa, na kindege cha kwenye skrini kitapinda kwa ustaarabu mpaka kikae juu ya mstari wa njia yake. Hakudanganyi. Karibu kila otopailoti inayouzwa leo inaifanya kazi hiyo vizuri. Tofauti inajitokeza siku kitu kimoja kinapokufa: pampu ya vakyumu, alternata, jairo, au waya mmoja tu unaokwenda kwenye sevo, ile mota inayovuta nyaya za usukani. Mwenye ndege ndogo ya miaka ya 1970, anayeiegesha Wilson, Arusha au Kajjansi, aulize kwanza itaharibikaje na nani ataitengeneza. Urembo wa skrini usubiri.

Tuchukue ndege inayojulikana na wengi, Cessna 182 ya katikati ya miaka ya 1970 yenye otopailoti yake ya awali, Nav-O-Matic 300A. Hiyo ni ya mhimili mmoja: inasawazisha mabawa na kufuata mwelekeo unaoupanga kwenye jairo ya mwelekeo, lakini kimo unakishika mwenyewe. Waliokuwa wakiitengeneza, ARC, kampuni tanzu ya Cessna, hawapo tena. Vipuri vyake vinatoka kwenye ndege zilizokatwakatwa na kwenye karakana chache ng'ambo ambazo bado zinakubali kuifungua.

Hata hivyo, usiing'oe kabla ya kuipima, maana mara nyingi ugonjwa hauko kwenye otopailoti yenyewe. Ruka asubuhi mapema hewa ikiwa imetulia, panda mpaka uwe na nafasi ya kutosha chini yako, weka trimu sawasawa, kisha uachie usukani otopailoti ikiwa imezimwa. Bawa moja likishuka lenyewe, shida ni mafuta yasiyo sawa kwenye matangi au ndege ambayo haijapangwa vizuri nyaya na vibawa vyake, na hakuna sanduku jipya litakaloponya hilo. Ikikaa sawa, washa otopailoti bila kuiambia ifuate mwelekeo. Ikishika mabawa vizuri kisha ikaanza kutangatanga ukiwasha mwelekeo, ishuku jairo ya mwelekeo. Ikiyumba kushoto na kulia kwa mwendo wa polepole hata bila mwelekeo, angalia nyaya zilizolegea, au kile chombo cha kuonyeshea kugeuka chenye kindege cheupe na mpira chini yake, kwa sababu humo ndimo 300A inamosoma mwendo wa mabawa. Chombo hicho kinabadilishwa kwa sehemu ndogo sana ya bei ya otopailoti mpya. Plagi zilizoota kutu nyuma ya dashibodi zinasafishwa kwa gharama ndogo zaidi, na kwa ndege iliyokaa Mombasa au Unguja ningeanzia huko.

Ikiwa safari zako ni Dar es Salaam na Unguja mchana kweupe, ushauri wangu ni mfupi: tengeneza uliyonayo, na fedha inayobaki iende kwenye injini. Safari ya dakika 20 haihitaji rubani wa pili.

Wanaohitaji kubadilisha kweli ni wale wanaoruka peke yao saa mbili au zaidi, na wale ambao mawingu yanawafunga njiani. Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois waliwachukua marubani 20 wasio na mazoea ya kuruka kwa vyombo, wakawaweka kwenye Beechcraft Bonanza katika hali iliyoigiza kuingia mawinguni. Wote 20 walipoteza udhibiti. Kwa wastani iliwachukua sekunde 178, haifiki dakika tatu, na 19 kati yao waliishia kwenye mzunguko wa kushuka unaozidi kukaza. Yeyote aliyeondoka Wilson asubuhi ya Julai, wingu likiwa limelala juu ya vilima vya Ngong, anajua kwamba hili si jambo la vitabuni tu. Kwa rubani wa namna hiyo kitufe cha thamani kuliko vyote ni kile cha kusawazisha, ambacho kwenye mitambo ya Garmin kimeandikwa LVL. Ukikibonyeza, otopailoti inawaka hata kama ilikuwa imezimwa, inanyoosha mabawa na kusimamisha kupanda au kushuka. Kifungwe mahali ambapo abiria wa mbele pia anakifikia, na aonyeshwe kabla ya kuondoka.

Sifa ya pili haitajwi sana kwenye matangazo, nayo kwa anga yetu naiweka juu kuliko nyingine zote. Fikiria unarudi kutoka Mara kuelekea Nairobi, futi 9,500, otopailoti ikishika kimo. Upepo wa kawaida unatoka mashariki, kwa hiyo unavikaribia vilima vya Ngong kwa upande ambao hewa inamwagika kushuka kwenye Bonde la Ufa. Ndege inaanza kuzama. Otopailoti ya zamani inayoshika kimo inajua kitu kimoja tu, kwamba kimo kinapotea, kwa hiyo inainua pua. Hewa inaendelea kushuka, nayo inaendelea kuinua. Mwendo unatoka noti 125, unafika 100, unafika 80, na wewe umeinama unatafuta masafa ya redio. Injini ya 182 katika kimo hicho haina nguvu ya kukuokoa. Mwishowe mabawa yanapoteza mnyanyuko, ile hali ambayo marubani wanaiita stoli, na otopailoti inajitoa au inakukabidhi ndege iliyovutwa trimu mpaka mwisho.

Otopailoti mpya za kidijitali zenye ulinzi wa mwendo mdogo zinakataa kufika huko. Mwendo ukishuka mpaka kwenye mpaka uliowekwa, zinakuonya kisha zinashusha pua na kukiacha kimo kiende. Kwenye ofa yoyote utakayoletewa, tafuta mstari huo. Kama haupo, uliza kwa maandishi: mwendo ukipungua wakati inashika kimo, inafanya nini?

Sasa tuje kwenye namna zinavyokufa, ambako ndiko uamuzi wenyewe ulipo.

Kundi la kwanza ni zile zinazosoma upeo wa bandia, kile chombo kinachoonyesha mbingu na ardhi. Century III na Bendix/King KFC 150 ni za familia hii. Zinaruka kwa ulaini, lakini kwenye ndege nyingi jairo ya upeo huo inazungushwa na pampu ya vakyumu. Pampu ikikatika, jairo haisimami papo hapo. Inapunguza mzunguko taratibu na kuanza kulala upande, na otopailoti inaifuata kwa utiifu, ikiilaza ndege huku ikiamini inainyoosha. Ndani ya wingu hisia za mwili wako hazitakwambia. Aliyebaki na otopailoti ya aina hii awe na taa ya onyo la vakyumu mbele ya macho, na awe na mazoea ya kulinganisha upeo na chombo cha kugeuka kila baada ya muda mfupi.

Kundi la pili linasoma kasi ya kugeuka. Otopailoti za S-TEC za zamani, kama S-TEC 30 na 50, zinategemea chombo cha kugeuka kinachoendeshwa kwa umeme, na kimo zinakipima kwa shinikizo la hewa. Pampu ya vakyumu ikifa, hizi zinaendelea na kazi. Kwenye misukosuko ya mchana haziko laini kama za kundi la kwanza, lakini nikilazimika kuchagua kati ya mbili kuukuu, nachukua hii bila kusita.

Kundi la tatu halina jairo inayozunguka kabisa. Vihisi vidogo vya kielektroniki vinapima mwinamo, mwendo na kimo, na kwenye baadhi sevo zenyewe zina kompyuta ndani. Garmin GFC 500, iliyotangazwa mwaka 2017, ndiyo iliyofungua mlango kwa ndege ndogo za bei ya kawaida. Haifanyi kazi peke yake, lazima iwe na skrini ya G5, GI 275 au G3X Touch ya kuipa mwinamo wa ndege. S-TEC 3100 inashindana nayo na inavutia pale ambapo ndege tayari ina sevo za S-TEC zilizo nzima, kwa sababu katika modeli nyingi zinaweza kubaki. Aliye na KFC 150 aiulizie AeroCruze 230 ya BendixKing, iliyobuniwa kuingia mahali pa mtambo huo na kutumia sevo zake. Kuacha sevo mahali pake kunaokoa saa nyingi za fundi kulala mkiani.

Lakini kundi hili nalo lina kifo chake, nacho ni umeme. Watu wanasoma kwamba betri ya akiba ya G5 inaweza kudumu hadi saa nne, wakatulia. Betri hiyo inalisha skrini peke yake. Sevo zinakula umeme wa ndege, na alternata ikifa zinaishi kwa muda ambao betri kubwa itakubali, ikigawana na redio, transponda na GPS. Mwambie fundi akufanyie hesabu ya mzigo wa umeme kwa hali hiyo, kwa ampea na dakika, na uipime na betri uliyonayo hasa, ile yenye miaka yake. Kama umeondoa pampu ya vakyumu, nafasi yake kwenye injini inaweza kubeba alternata ndogo ya akiba. Kwa anayeruka usiku au mawinguni, hiyo ndiyo nyongeza ya kwanza ningelipia, kabla ya sevo ya tatu ya kuzuia mkia usiyumbe. Sevo hiyo ya mkia inafaa kwenye Bonanza. Kwenye 182 ni starehe.

Trimu usiibanie. GFC 500 inauzwa hata bila sevo ya trimu, nayo ikihitaji trimu inakuandikia kwenye skrini uizungushe kwa mkono. Kwenye ndege nyepesi ya watu wawili unaweza kuishi hivyo. Pua ya 182 ni nzito, na rubani aliye peke yake katika mvua hahitaji kazi nyingine ya mkono.

Na kuna mpangilio wa manunuzi ambao watu huugeuza. Anaanza na skrini mbili nzuri, anang'oa upeo wa vakyumu, kisha anakuta otopailoti yake ya Century au King imebaki yatima, kwa sababu G5 haitoi ile ishara ya mwinamo ambayo mitambo hiyo inaihitaji. G5 ikiwa na kiunganishi chake inaweza kuipa otopailoti ya zamani mwelekeo na njia ya GPS, mwinamo haiwezi. GI 275 inaweza kwa nyingi kati yao, lakini bei yake ni nyingine. Amua otopailoti kwanza, skrini zifuate.

Baada ya hapo karatasi. Otopailoti haifungwi kwenye ndege yenye cheti kwa sababu inaingia. Lazima iwe na cheti cha nyongeza, STC, na STC ina orodha ya ndege zilizoidhinishwa. Soma orodha hiyo mpaka kwenye herufi ya modeli. 182P si 182T, na Piper moja kuingia hakuleti ndugu zake wote. Tena STC nyingi ni za FAA ya Marekani. Ndege iliyosajiliwa 5Y, 5H au 5X iko chini ya mamlaka ya nchi yake, kwa hiyo peleka nakala kwa mkaguzi wa KCAA, TCAA au mamlaka ya Uganda kabla ya kulipa amana. Jibu lake liwe la maandishi.

Ndege zetu zina jambo la ziada: zimefanyiwa marekebisho. Nyingi zina vifaa vya kutua viwanja vifupi, na vile vya Robertson, kwa mfano, vinashusha aileroni pamoja na flapu. Nyingine zina injini kubwa kuliko ya kiwandani au sanduku la mizigo chini ya tumbo. Otopailoti ilijaribiwa kwenye ndege isiyo na hayo. Anayefunga ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba mabadiliko mawili hayagongani, na fundi anayekwambia hakuna shida bila kufungua vitabu vya ndege yako, mpe kazi nyingine.

Kuna mambo unayoweza kuyakataa ukaokoa fedha. Brosha za Marekani zinasifu sana kushuka mpaka karibu na ardhi kwa GPS yenye mwinamo wa wima unaosahihishwa na WAAS, mfumo wa setilaiti wa huko. Afrika Mashariki haijafunikwa na WAAS wala na EGNOS ya Ulaya, kwa hiyo usilipe ziada kwa ajili ya hilo. Uwezo wa kufuata ILS una maana kama unakwenda Mombasa, Kilimanjaro, Dar es Salaam au Entebbe katika hali mbaya ya hewa na una leseni ya kuruka kwa vyombo. Kwa wengine wote, kushika mwelekeo, kushika kimo, kufuata njia ya GPS, kusawazisha na kulinda mwendo kunatosha.

Bei ya kwenye tangazo isikulevye. GFC 500 ya mihimili miwili ilitangazwa mwaka 2017 kwa dola 6,995, bila skrini na bila kazi ya kufunga, na tangu hapo imepanda. Ongeza skrini, kiunganishi, mabano ya sevo ya modeli yako, usafiri, ushuru na saa za fundi, na si ajabu kazi ya mikono ikafikia bei ya vifaa au kuipita. Ndege kuukuu inaficha mambo nyuma ya paneli. Omba makadirio yanayotaja mapema kiwango cha saa kwa kazi itakayogunduliwa baada ya kufungua.

Kazi hiyo mara nyingi ni nyaya za udhibiti na mirija ya hewa, na hizi mbili zikaguliwe kabla sanduku halijafika. Sevo inavuta waya wa chuma. Waya ukilegea, sevo inazunguka kidogo bila kitu kutokea, kisha ndege inajibu kwa ghafla, na hapo unapata ule mtikisiko wa juu na chini ambao watu wanausingizia programu. Puli zilizojaa vumbi la Magharibi mwa Serengeti au chumvi ya pwani zinafanya vivyo hivyo. Mrija wa hewa tuli ukivuja, otopailoti itashika kimo cha uongo kwa uaminifu mkubwa. Pima uvujaji, badilisha puli, kaza nyaya kwa vipimo vya kitabu, ndipo sevo zifungwe.

Karakana unayoichagua nayo ipimwe. Mitambo hii inauzwa na kufungwa na wakala walioidhinishwa, na kuipanga kunahitaji programu na nyaraka zao. Muulize wakala amefunga ngapi kwenye modeli yako, na uombe kuzungumza na mwenye mojawapo. Muulize pia: sevo ikifa mwezi wa nane baada ya kufungwa, inatumwa wapi, inarudi baada ya wiki ngapi, na je, kuna ya kubadilishana mara moja? Kama jibu ni ndege kusimama miezi miwili katika msimu wa watalii, otopailoti ya bei nafuu imekwisha kuwa ghali. Na uliza kama ndege inaruhusiwa kuruka huku imezimwa na kuandikwa kuwa mbovu, maana kwa ndege ya binafsi inayoruka kwa macho mara nyingi inawezekana, ila utaratibu wake uujue mapema.

Siku ya kukabidhiwa, usikubali kuruka na fundi akiwa ndiye mwenye kubonyeza. Ardhini, washa otopailoti, shika usukani na uizidi nguvu. Unapaswa kuweza kuishinda kwa mikono yako bila kuhangaika. Bonyeza kitufe chekundu cha kuitoa na usikie kengele yake. Endesha trimu ya umeme pande zote mbili, kisha uikate kwa kitufe hicho hicho ikiwa inazunguka. Tafuta sakiti breka yake ukiwa umefumba macho, na kama imechanganyika na nyingine ivalishwe pete ya rangi.

Hewani, juu na katika utulivu, fanya jambo moja ambalo wengi hawalifanyi mpaka liwakute. Ukiwa na otopailoti yenye trimu ya umeme na imeshika kimo, vuta usukani kidogo sana kwa sekunde chache tu, mkono wa pili ukiwa kwenye kitufe chekundu, mwalimu akiwa pembeni. Mitambo mingi itaona kwamba pua inalazimishwa juu, na itaanza kuzungusha trimu kuishusha. Kadiri unavyovuta ndivyo inavyozidi kukupinga, na ukija kuitoa ghafla ndege inatupa pua chini kwa nguvu zote za trimu iliyokusanyika. Mtu aliyeiona hali hiyo mara moja akiwa na kimo cha kutosha hagombani tena na otopailoti. Anaitoa kwanza, kisha anashika ndege.

Mafunzo hayo yawe ndani ya bajeti tangu mwanzo, saa kadhaa na mwalimu anayeujua mtambo huo hasa. Kuwa na mtambo peke yake hakutoshi: Piper Saratoga ya John F. Kennedy Jr., iliyoanguka baharini karibu na Martha's Vineyard usiku wa tarehe 16 Julai 1999, ilikuwa na otopailoti ya mihimili miwili. Wachunguzi wa ajali wa Marekani, NTSB, walihitimisha kwamba rubani alipotewa na hisia za mwelekeo akiwa anashuka juu ya maji gizani.

Kabla ya kuondoka karakana hakikisha una karatasi tatu ndani ya ndege: nyongeza ya kitabu cha ndege inayoihusu otopailoti, hesabu mpya ya uzito na mizani, na orodha mpya ya vifaa. Ile ya uzito isome vizuri. Ukitoa pampu, mirija na sevo za zamani ndege inaweza kupungua kilo kadhaa, na Wilson, kwenye futi zaidi ya 5,500, kilo hizo unazihisi. Vifaa vilivyotolewa ni vyako, hata vibovu. Viombe virudi vikiwa na lebo za sehemu, kwa sababu mwenye 182 mwingine aliyeamua kuitengeneza 300A yake anavitafuta.